Utalii wa ikolojia: Mipango ya ardhi kwanza, wageni baadaye

Na Mwandishi Wetu, Kibaigwa

KWA mkulima anayeshusha mahindi katika Soko la Kimataifa la Mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, habari za hifadhi na watalii ni za watu wa Arusha. Yeye anafikiria bei ya gunia, mizani, nauli ya lori na mvua za msimu ujao.

Lakini mazao yanayouzwa hapa hayatoki Kongwa peke yake. Mengi yanatoka Kiteto, Gairo na wilaya nyingine jirani, ambako mashamba yamesogea hadi kwenye kingo za misitu na mapori yaliyohifadhiwa kisheria.

Kijiji kinapoamua kutenga msitu, au Serikali inapoweka mpaka wa pori, anayeguswa kwanza ni mkulima. Na mkulima akiguswa, soko la Kibaigwa nalo linaguswa.

Ndiyo maana mipango ya utalii wa ikolojia si jambo la kuwaachia maofisa wanyamapori na kampuni za kutembeza wageni. Mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapaswa kuwepo tangu siku ya kwanza, kwa sababu makosa mengi hufanyika kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Utalii wa ikolojia ni nini?

Kwa maneno mepesi, ni utalii wa kwenda kuona mazingira ya asili bila kuyaharibu, huku wananchi wanaoishi jirani wakipata kipato kinachowafanya waone faida ya kuyatunza.

Masharti hayo yote mawili lazima yatimie. Msitu ukipona lakini kijiji kikabaki na njaa, wananchi watarudi na mashoka. Na kijiji kikipata fedha huku msitu ukiisha, wageni hawatarudi.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2002 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Utalii wa Ikolojia. Mwaka huo huo Tanzania ilipata Sheria ya Misitu Namba 14, na zikatolewa kanuni za kwanza za Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, maarufu kwa jina la WMA.

Mwaka huo pia msitu wa Suledo wilayani Kiteto ulipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Jina la msitu huo limetokana na Sunya, Lengatei na Dongo. Wananchi walipinga mpango wa kuugeuza kuwa msitu wa Serikali, wakapewa nafasi ya kuulinda wenyewe, na dunia ikawapongeza.

Hayo yamefanyika kwa jirani zetu, upande ule ule yanakotoka malori ya mahindi.

Nani mwenye geti?

Kabla ya kuanza kuhesabu fedha za wageni, kijiji kinapaswa kujua eneo linalozungumzwa lipo chini ya nani. Hapo ndipo wengi hupotea.

Aina ya kwanza ni pori la akiba. Katika Mkoa wa Dodoma kuna Swaga Swaga, upande wa Chemba na Kondoa, na Mkungunero, lililo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Haya yapo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kijiji kilicho jirani hakina geti. Kinaweza kuuza huduma, kutoa waongozaji na kuomba msaada wa miradi, lakini ada ya kiingilio si yake.

Aina ya pili ni msitu wa hifadhi wa Serikali, mfano Mamiwa-Kisara katika Milima ya Ukaguru upande wa Gairo, ambayo ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki. Kijiji kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, lakini mwenye msitu ni Serikali.

Aina ya tatu ni msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hapa kijiji ndicho mwenye mali. Kinatunga sheria ndogo, kinatoza ada na kukusanya faini. Suledo ni mfano wa aina hii.

Aina ya nne ni WMA, ambapo vijiji kadhaa hutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori na kuunda jumuiya moja ya kuisimamia. Makame, huko huko Kiteto, ni WMA ya vijiji vitano.

Ipo pia aina ya tano, maeneo ya malikale. Michoro ya miambani ya Kondoa, yenye kituo chake Kolo, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maeneo haya hulindwa na sheria ya mambo ya kale, ingawa kwa mgeni ni safari moja ya milima, miti na historia.

Mwananchi asipojua tofauti hizi, atadai fedha mahali asipo na haki na kuacha kudai mahali penye haki yake.

Somo la karanga

Wilaya ya Kongwa haihitaji kufundishwa kwamba mpango mkubwa unaweza kuanguka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi wa karanga, ambao ulienea pia hadi Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu.

Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa, watu wakaajiriwa kwa wingi. Lakini waliopanga hawakuwa wamezijua vizuri mvua za Kongwa wala udongo wake, ambao ukikauka hugeuka mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, baada ya kuwagharimu walipa kodi wa Uingereza takriban pauni milioni 36.

Mgogo aliyekuwa akilima mtama na uwele pale pale angeweza kuwaambia habari za mvua. Hakuulizwa.

Utalii nao unaweza kwenda njia hiyo hiyo. Ukishuka barabara kuu kuelekea Morogoro na Chalinze, kaskazini yake kuna eneo la Wami-Mbiki. Vijiji 24 viliungana kutenga ardhi hiyo kuwa WMA, kwa msaada wa Denmark kupitia chama cha wawindaji wa nchi hiyo. Walinzi walifundishwa, magari yakanunuliwa, ofisi zikajengwa.

Msaada ulipokwisha, mapato ya utalii hayakutosha kuwalipa walinzi. Wakata mkaa wakaingia, mifugo ikaingia, mashamba yakafunguliwa. Baadaye Serikali iligeuza eneo hilo kuwa pori la akiba chini ya TAWA. Vijiji vilivyotoa ardhi ili viimiliki hifadhi, leo ni majirani wa hifadhi.

Mafunzo yapo wazi. Mpango unaotegemea fedha za mfadhili kulipa mishahara ya kila mwezi bado haujawa mpango. Tangu mwanzo iandikwe kwamba mapato haya ya ndani yatalipa walinzi kadhaa, na idadi ya walinzi ilingane na fedha hizo.

Mpaka kabla ya geti

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji nguvu katika maamuzi ya ardhi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kuipanga. Bila mpango huo, kijiji hakiwezi kuingia WMA.

Kazi huanza na mipaka ya kijiji na majirani zake, ambayo hupimwa na kuwekewa alama, kisha kijiji kikapata cheti cha ardhi. Inafuata ramani ya matumizi yaliyopo: nani analima wapi, mifugo inanywea wapi, kina mama wanachota maji na kuokota kuni wapi, mizinga imetundikwa wapi.

Baada ya hapo ndipo kijiji hukaa na kugawa: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa akiba ya vijana watakaohitaji mashamba miaka 20 ijayo, na hapa hifadhi.

Hiyo akiba ya vijana husahaulika mara nyingi. Kijiji kinachotenga hifadhi bila kuacha ardhi ya kizazi kinachokuja kinaandaa uvamizi wa watoto wake wenyewe.

Kiteto kuna mfano mchungu. Hifadhi ya jamii ya Emboley Murtangos ilitengwa na vijiji, lakini ndani yake kulikuwa na watu wanaolima, na wafugaji nao walikuwa na madai yao. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani. Januari 2014 mapigano ya wakulima na wafugaji yalichukua maisha ya watu.

Mgogoro wa namna hiyo unaua biashara pia. Lori haliendi penye mapigano, mkulima havuni, na mtalii hathubutu kukanyaga.

Kwa hiyo kijiji kinachoambiwa kwamba mwekezaji yupo tayari na kilichobaki ni sahihi tu, kijibu kwamba ramani ndiyo inayotangulia.

Kugawana fedha kuandikwe

Kanuni za WMA za mwaka 2002 zilitaka mapato ya jumuiya yagawanywe hivi: isiyopungua asilimia 50 iende kwa vijiji wanachama, isiyopungua asilimia 25 iimarishe jumuiya yenyewe, na isiyopungua asilimia 15 irudi katika kutunza rasilimali.

Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, hivyo viongozi waulize wilayani ni toleo gani linalotumika. Lakini msingi wake bado ni mzuri hata kwa msitu mdogo wa kijiji: sehemu kwa wananchi, sehemu kwa uendeshaji, sehemu kwa ulinzi.

Asilimia peke yake haitoshi. Vijiji vinapokuwa vingi, kila kimoja kinapata nini? Kile ambacho hoteli imejengwa kwenye ardhi yake huona kinanyonywa, na vilivyo mbali navyo huona vimesahauliwa. Katika WMA ya Burunge, wilayani Babati, iliyo miongoni mwa zile zinazopata wageni wengi, kijiji cha Minjingu kilifikia hatua ya kutaka kujitoa.

Upo pia mfano wa kuigwa. Pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja, iliyotangazwa mwaka 2004, kima punju hutoka msituni na kula mazao ya wakulima. Badala ya kuwaacha wakulima wawachukie kima hao, uliwekwa utaratibu ambao sehemu ya viingilio vya wageni huwaendea wenye mashamba na vijiji jirani. Kima anayekula embe ndiye anayemleta mgeni anayelipa.

Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2011 zilianzisha kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari na kifuta machozi kwa familia ya aliyejeruhiwa au kuuawa. Malipo ya mazao hutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na hayahesabiwi kuwa fidia kamili. Mkulima anayelima ukingoni kabisa mwa pori ajue hilo kabla ya kupanda. Pembezoni ni bora kuweka mizinga, malisho au pilipili, na mahindi yarudi ndani.

Wapo pia wanaopata fedha bila mgeni. Vijiji vya Makame vimeingia katika biashara ya hewa ukaa, vikilipwa kwa kuacha miti isimame. Mpango mzuri hautegemei mfuko mmoja. Wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, mwaka 2020, wageni walikatika ghafla duniani kote, na waliotegemea utalii peke yake walibaki mikono mitupu.

Wageni wangapi?

Wengi hudhani kadiri wageni wanavyoongezeka ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri. Katika eneo la asili sivyo. Kila njia, mwamba na chemchemi ina kiasi chake.

Tuchukue hesabu ya mfano kwa mwamba wenye michoro. Eneo lifunguliwe saa 3:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, yaani saa sita. Kila nusu saa liingie kundi moja la watu wanane. Hayo ni makundi 12, watu 96 kwa siku.

Lakini tuseme kijiji kina waongozaji watatu tu, na kila mmoja anaweza kuhudumia vizuri makundi mawili kwa siku. Basi makundi ni sita na wageni ni 48. Kikomo ni 48, si 96. Wanaozidi wapangiwe siku nyingine.

Bila mwongozaji, mgeni atagusa mchoro kwa mkono au kuumwagia maji ili picha ing'ae, na kazi ya maelfu ya miaka itafutika. Isitoshe, baadhi ya miamba ya Kondoa bado inatumiwa na wenyeji kwa matambiko. Siku za wazee ziandikwe kwenye kalenda, na siku hizo wageni wasiingie.

Pia ujenzi wa hoteli au kambi ya kudumu ndani ya eneo la asili unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Swali la kwanza liwe la maji: katika nchi kavu kama hii ya kati, hoteli ikichimba kisima, kisima cha kijiji kitabaki na maji?

Kibaigwa itauza nini?

Hapa tuseme ukweli. Mtalii wa Ulaya anayetua Kilimanjaro na kwenda Serengeti hatapita Kibaigwa kesho. Mgeni wa kwanza wa kanda hii ni Mtanzania mwenzetu.

Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Kuna watumishi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, shule, vikundi vya dini na vya vijana. Wote hawa wana siku za mapumziko na hawana pa kwenda karibu.

Vilevile tukumbuke reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inapita Kilosa na Gulwe, haipiti Kibaigwa. Mji unaoishi kwa kutegemea wapita njia unapaswa kuwa na sababu ya kumfanya mtu asimame.

Mto wa Mbu, huko Monduli, walianza utalii wa utamaduni katika miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi. Mgeni hutembezwa katika migomba na mashamba ya mpunga, kisha hula chakula kilichopikwa na akina mama wa pale pale. Shamba lenyewe limekuwa bidhaa.

Sisi tuna nyumba za tembe, muziki wa Wagogo, mibuyu, asali ya miombo, karanga, alizeti na zabibu. Kongwa ina pia historia ya mradi wa karanga na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Na soko lenyewe la mahindi, kwa mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuona gunia likishonwa, ni darasa.

Faida ipo katika kusindika. Tuchukue mfano. Gunia la kilo 100 likisagwa dona, baada ya upotevu tuseme zinabaki kilo 90. Sahani moja ikichukua robo kilo ya unga, ni sahani 360. Sahani ya ugali na mboga ikiuzwa Sh2,000, ni Sh720,000. Mboga, mkaa, pango na ujira vikichukua robo tatu, yaani Sh540,000, zinabaki Sh180,000, ambapo ndani yake utoe bei uliyonunulia gunia.

Bei hizo ni za mfano, kila mmoja aweke za kwake. Hesabu hiyo inadai pia walaji 360. Hivyo mama lishe asijenge mgahawa mkubwa kwa ahadi ya watalii. Aanze na vikundi vinavyotoa taarifa mapema: wanafunzi 40 Jumamosi hii, kwaya ya watu 25 mwezi ujao. Apike kwa idadi na achukue malipo ya awali.

Muuza asali naye ajue mgeni hanunui kwenye chupa ya soda iliyotumika. Anataka chombo safi, kilichofungwa, chenye jina la mahali asali ilikotoka. Kikundi cha wafugaji nyuki kumi kinaweza kununua vyombo kwa pamoja na kuomba ukaguzi wa ubora kwa pamoja, jambo ambalo mtu mmoja halimudu.

Maswali ya kuuliza kabla ya sahihi

Kwa kijiji kinachofikiria kutenga eneo au kupokea mwekezaji, haya yaulizwe mbele ya Mkutano Mkuu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Mpaka umepimwa, na majirani wameukubali? Waliomo ndani ya mpaka, wakulima au wafugaji, watakwenda wapi na kwa makubaliano gani? Ardhi ya vijana imebaki ekari ngapi?

Mkataba ni wa miaka mingapi, na kijiji kinauvunjaje mwekezaji asipolipa? Fedha zitaingia akaunti ipi, nani wanasaini, na mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa kijiji kila baada ya muda gani?

Mazao yakiliwa, nani anakuja kuthibitisha, na kwa siku ngapi? Mwekezaji atanunua mahindi, kuku, mayai na mboga kutoka kwa nani? Kama hakuna kipengele cha kununua kwa wenyeji, kijiji kitaona magari yakipita na mboga kutoka mjini.

Mwisho, msaada ukikoma leo, walinzi watalipwa na nini kesho? Kijiji kisipokuwa na jibu la swali hilo, kisitie sahihi. Kirudi kwenye hesabu kwanza, kwa kuwa pori lililokaa miaka yote hiyo linaweza kusubiri msimu mmoja zaidi.